Seva Zinaposusiana

Agosti 1990, mtandao wa kupiga soga uitwao IRC ulipasuka vipande viwili kwa sababu ya kompyuta moja. Kompyuta hiyo ilikuwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na jina lake mtandaoni lilikuwa eris.berkeley.edu. IRC ilikuwa na miaka miwili tu tangu Jarkko Oikarinen aitunge katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland. Haikuwa na makao makuu. Ilikuwa ni seva za vyuo mbalimbali zilizounganishwa, kila moja ikipokea ujumbe wa wenzake na kuupitisha mbele, na wenye seva walichagua wa kuungana naye. Eris haikuchagua. Yeyote mwenye kompyuta aliweza kujiunganisha nayo kama seva, bila nywila na bila kuulizwa, na kupitia hapo akaingia katika mtandao mzima. Waliotaka kufanya fujo wakaugundua mlango huo upesi.

Wasimamizi walio wengi wakaamua kuitenga Eris pamoja na kila seva itakayoendelea kuungana nayo. Mtandao wao wakauita EFnet, yaani mtandao usio na Eris. Waliobaki upande wa pili wakajiita A-net, wakitetea uhuru usio na mipaka, na baada ya muda mfupi wakatoweka, maana watu walifuata penye watu. EFnet ipo hadi leo.

Hakuna hakimu aliyeketi, wala watumiaji hawakupiga kura. Wenye mitambo walikataa tu kupokea na kupitisha ujumbe wa mwenzao, na kukataa huko kukatosha. Leo, mitandao ya kijamii ya shirikisho kama Mastodon inapotajwa, ambako maelfu ya seva zenye wenyewe tofauti huzungumza itifaki moja, watu huuliza nani atawadhibiti wachochezi na matapeli ikiwa hakuna mkuu. Swali hilo lina jibu lenye umri wa zaidi ya miaka 40. Jibu ni kususia, na historia yake inaonyesha nguvu yake, na pia inaonyesha mzigo wake humwangukia nani.

Desturi hiyo ilikuwepo kabla ya IRC. Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, walibuni njia ya kompyuta za vyuo kupigiana simu na kubadilishana habari. Steve Bellovin, wa chuo jirani cha Chapel Hill, akaandika programu ya kwanza, na mwaka 1980 Usenet ikaanza kutumika. Kompyuta moja iliipigia nyingine, mara nyingi usiku wakati simu ilikuwa nafuu, zikapeana ujumbe mpya, kisha ile ya pili ikaipigia ya tatu. Ujumbe uliweza kuchukua siku kadhaa kuvuka Marekani. Kwa kuwa simu za masafa marefu zilikuwa ghali, vyuo na kampuni chache zilizokubali kubeba gharama hiyo ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa mtandao.

Aliyelipa bili ya simu ndiye aliyeamua kipi kisafiri. Wasimamizi wa mitambo hiyo mikuu, Gene Spafford akiwa miongoni mwa waliojulikana zaidi, walikuwa na sauti kubwa kuhusu kikundi kipi cha mjadala kianzishwe na kipi kikataliwe. Kati ya mwaka 1986 na 1987 waliyapanga upya majina ya vikundi vyote: mambo ya kompyuta yakapewa fungu lake, sayansi lake, burudani lake. Mabishano ya dini, siasa na rangi yalisukumwa kwenye fungu lililoitwa talk. Sababu mojawapo ilikuwa ya fedha. Mitandao ya Ulaya ilikuwa imegoma kulipia usafirishaji wa mabishano hayo, na yakishawekwa fungu moja, asiyeyataka angeweza kuliacha fungu zima kwa amri moja. Kwa hiyo tangu mwanzo, uamuzi wa kipi kinafaa kusomwa uliingiliana na hesabu ya nani analipa. Wanaoandika habari za mitandao ya shirikisho leo kama vile ilizuka mwaka 2022 huruka sehemu hii, na bila hiyo mengi yaliyofuata hayaeleweki.

Waliokataliwa hawakukaa kimya. Tarehe 7 Mei 1987 Brian Reid, John Gilmore na Gordon Moffett walikutana katika mgahawa wa nyama choma mjini Mountain View, California, uitwao G.T.'s Sunset Barbecue. Reid alikuwa na kikundi cha mapishi, mod.gourmand, na hakupenda jina alilokuwa akipangiwa. Gilmore alitaka kikundi cha kujadili dawa za kulevya, na wakuu walikuwa wamekataa. Mezani hapo wakakubaliana kuanzisha fungu lao wenyewe, alt, lililosafiri kwa njia zisizopita kwenye uti wa mgongo. Mwaka uliofuata, kikundi cha kujadili mapenzi kilipozuiwa katika mafungu ya wakuu, Reid akakifungua ndani ya alt, akaongeza na cha muziki wa roki. Mfumo uliowaruhusu wakuu kususia ndio huohuo uliowaruhusu waliosusiwa kujijengea barabara yao.

Miaka ya 1990 ilileta tatizo la aina nyingine. Aprili 1994 mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo moja kwenye maelfu ya vikundi vya Usenet kwa mpigo. Walikuwa wakitoza ada kuwasaidia watu kujaza fomu za bahati nasibu ya green card, ileile ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wamewahi kuijaza. Kikundi cha wapenda paka kililiona tangazo hilo, cha wanahisabati kikaliona, cha wacheza gitaa vilevile. Malalamiko yaliyofurika kwa kampuni iliyowapa mawakili hao huduma ya intaneti yaliangusha mitambo yake, ikawafutia akaunti. Wao hawakujuta. Walisema wamepata wateja, kisha wakaandika kitabu cha kuwafundisha wengine.

Msaada wa kwanza ulitoka Norway. Usenet ilikuwa na amri ya kufuta, iliyokusudiwa mwandishi aliyetaka kuondoa ujumbe wake mwenyewe, lakini hakuna kilichomzuia mtu mwingine kuituma kwa jina la mwandishi. Arnt Gulbrandsen akatengeneza programu iliyotuma amri hizo kwa wingi na kufuta matangazo ya mawakili hao kila yalipotokea. Wengi walishangilia. Wachache walihofu, na hofu yao ilikuwa na msingi: programu iliyofuta tangazo la bahati nasibu ingeweza pia kufuta maoni ya mtu asiyependwa. Zikatungwa kanuni za wazi kuhusu wingi wa nakala unaohalalisha kufutwa, ili ufutaji utegemee idadi na usitegemee yaliyosemwa. Huo ulikuwa uamuzi wa busara sana kwa watu ambao hakuna aliyewachagua wala kuwalipa.

Adhabu ya juu kabisa ilikuwa kuisusia kampuni nzima, kwa kufuta au kukataa kila ujumbe uliotoka kwake, uwe wa mtapeli au wa profesa. Agosti 1997 adhabu hiyo iliipata UUNET, mojawapo ya kampuni kubwa za huduma ya intaneti duniani wakati huo, kwa kushindwa kuwadhibiti watuma matangazo. Hazikupita siku nyingi kampuni ikabadili mwenendo na adhabu ikaondolewa. Novemba mwaka huohuo zamu ikawa ya kampuni nyingine ya intaneti, CompuServe. Watu wa kujitolea, bila ofisi wala sheria, waliilazimisha kampuni yenye mawakili na mabilioni kufagia uwanja wake. Lakini kwa siku hizo chache, maelfu ya wateja wasio na kosa walikuwa wakiandika ujumbe usiomfikia mtu, na wengi wao hawakujua kwa nini.

Barua pepe ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake huko California walieneza orodha ya anwani za mitambo iliyotuma barua taka. Kila mwenye seva alikuwa huru kuitumia au kuiacha, na waliposhitakiwa na kampuni za matangazo walijitetea kwamba wao wanatoa maoni tu na hawamzuii mtu. Hoja hiyo ilikuwa kweli kwenye karatasi. Kwa vitendo, orodha inapotumiwa na wengi, kuingizwa humo ni sawa na kukatiwa laini. Leo barua pepe ingali ya shirikisho kwa itifaki yake, ila anayejaribu kuendesha seva yake ndogo nyumbani hugundua kwamba kampuni chache kubwa ndizo zinazoamua kama barua zake zitafika.

Kizazi cha mitandao ya kijamii kiliipokea desturi hii kikiwa hakikujiandaa. Diaspora, iliyoanzishwa mwaka 2010 na wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha New York, iliomba mchango wa dola 10,000 ikapata zaidi ya 200,000, kwa ahadi ya mtandao ambao hakuna kampuni itakayoumiliki. Agosti 2014 wafuasi wa kundi la Dola la Kiislamu, waliokuwa wakifukuzwa Twitter, walihamia huko. Waundaji wa programu walilazimika kuueleza ulimwengu kwamba hawana kitufe cha kuwaondoa, kwa sababu hawana seva kuu. Walichoweza ni kuwaandikia wenye seva mmoja mmoja na kuwapa majina ya akaunti zinazohusika. Seva kubwa ziliitikia na kufuta. Mwenye seva asiyetaka kuitikia, hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Eugen Rochko, kijana aliyezaliwa Urusi na kukulia Ujerumani, alipoitoa Mastodon hadharani Oktoba 2016, alikuwa ameshika funzo hilo. Programu yake ikaja kumpa msimamizi wa seva dirisha la kushughulikia ripoti: kumwonya mtumiaji, kumnyamazisha asionekane kwa wasiomfuata, au kumfungia kabisa. Hatua hizohizo zingeweza kuchukuliwa dhidi ya seva nzima. Seva ikifungiwa, kila uzi wa kufuatana kati ya watu wa pande mbili hukatika papo hapo. Msimamizi aliandika jina la kikoa kwenye kisanduku, akabonyeza, na watu elfu kumi wakapoteza marafiki. Hadi toleo la 4.3 la Oktoba 2024, waliopoteza marafiki hao hawakupewa hata taarifa na programu yenyewe. Ilichukua miaka minane kuwaona hao kuwa ni watu wanaostahili kuambiwa, na huo ni muda mrefu mno.

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Aprili 2017 kampuni ya Pixiv ya Japani, inayomiliki mtandao wa wachoraji, ilifungua seva iitwayo Pawoo, na kwa muda mfupi ikawa kubwa kuliko seva ya Rochko mwenyewe. Sehemu ya michoro iliyowekwa huko iliwaonyesha watoto katika hali za kingono. Sheria za Japani hazikuikataza michoro ya namna hiyo, lakini katika nchi nyingi za Magharibi kuihifadhi tu kunaweza kumpeleka mtu gerezani. Tatizo lilikuwa kwamba Mastodon hunakili picha za seva nyingine na kuziweka kwenye diski ya seva inayozipokea, kwa hiyo mtu wa Berlin alijikuta ana picha ambazo hakuziomba. Ikaongezwa hatua ya katikati: kupokea maneno ya seva fulani na kukataa picha zake. Seva nyingi za Ulaya na Marekani zilifanya hivyo au zikaisusia Pawoo kabisa. Wajapani wakaendelea na mambo yao, Wazungu na yao, kila mmoja akitii sheria za kwao. Mtandao wa kampuni moja usingeweza kulimaliza jambo hilo bila kumlazimisha mmoja afuate sheria za mwenzake.

Udhaifu nao ulijitokeza. Agosti 2018 mwigizaji Wil Wheaton, anayejulikana kwa Star Trek, alihama Twitter akafungua akaunti katika seva ya mastodon.cloud. Watu waliomchukia walimfuata huko na kummiminia ripoti. Msimamizi alizidiwa na ripoti hizo, akaifungia akaunti ya Wheaton ili apumue. Wheaton hakuwa amevunja kanuni yoyote. Twitter ilikuwa na kampuni nzima nyuma yake; msimamizi huyu alikuwa mtu mwenye kompyuta na usingizi wake.

Kisha likaja suala la Gab. Mtandao huo, ulioanzishwa mwaka 2016 na Andrew Torba, ulikuwa kimbilio la wafuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia waliofukuzwa kwingine. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu aliyeandika vitisho vyake kwenye Gab aliingia katika sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh na kuua watu 11. Kampuni zilizoihudumia Gab kwa malipo na uhifadhi zikajitoa. Julai 2019 Gab ikaacha programu yake na kuhamia ile ya Mastodon. Leseni ya programu hiyo inamruhusu yeyote kuitumia, hata adui, kwa hiyo Rochko hakuwa na njia ya kumkataza Torba. Ghafla seva iliyohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote katika mtandao ulioanzishwa kwa sehemu kubwa na watu waliokimbia matusi ikawa ya Gab.

Wasimamizi hawakungoja. Seva baada ya seva iliifungia Gab, nyingine kabla haijafungua milango. Watengenezaji wa programu za simu, kama Tusky, waliandika kwenye msimbo wao kwamba anayetaka kuingia Gab kwa kutumia programu yao asiweze. Rochko alikuwa tayari ameweka mapatano, mnamo Mei mwaka huo, kwamba seva itakayoorodheshwa kwenye ukurasa rasmi wa Mastodon sharti ipambane na ubaguzi, itunze nakala za data kila siku, na iwape watu wake taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufungwa. Gab ilibaki na programu na watumiaji wake, ila haikuwa na mtu wa kuzungumza naye nje ya ukuta wake. Mwaka 2020 yenyewe ikazima sehemu ya programu inayoiunganisha na seva nyingine. Katika historia yote ya desturi hii, hakuna ushindi ulio wazi kuliko huo, na ulipatikana bila mtu yeyote kumfuta mwenzake duniani.

Lakini desturi hiyo haikumlinda kila mtu. Watu Weusi waliojenga seva zao ndani ya mtandao huu wameeleza mara nyingi jinsi walivyotukanwa na kuachwa wajitetee wenyewe. PlayVicious, seva iliyoongozwa nao, ilifungwa mwaka 2020 baada ya miaka ya kuandamwa. Kuna pia nguvu zilizo juu ya msimamizi yeyote. Februari 2024 seva ya queer.af ilizimika kwa sababu jina lake lilikuwa chini ya kikoa cha Afghanistan, na serikali ya Taliban ikalisimamisha.

Elon Musk alipokamilisha ununuzi wa Twitter tarehe 27 Oktoba 2022, Mastodon ilikuwa na watumiaji hai wapatao 300,000 kwa mwezi. Kufikia mwisho wa Novemba, kwa hesabu ya Rochko mwenyewe, walikuwa milioni 2.5. Walioendesha seva kwa mapenzi yao jioni baada ya kazi walijikuta wanatawala miji. Juni 2023 hali ikajirudia kwa Lemmy, mtandao wa shirikisho wa vikundi vya mjadala, Reddit ilipogombana na watumiaji wake. Seva ya Beehaw, yenye wasimamizi wanne, ikakata uhusiano na seva mbili kubwa, mojawapo ikiwa lemmy.world, kwa sababu zilimsajili kila aliyekuja na fujo zake zikamwagikia kwao. Watumiaji wengi wa lemmy.world walilalamika kwamba wameadhibiwa kwa makosa ya wengine. Malalamiko yao yalikuwa yaleyale ya wateja wa UUNET mwaka 1997.

Mwezi uliofuata, watafiti David Thiel na Renée DiResta wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa ripoti iliyotikisa. Walikuwa wamepitisha machapisho 325,000 ya seva kubwa kwenye chombo cha kutambua picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto. Picha ya kwanza ilitambuliwa ndani ya dakika tano, na katika siku mbili zikapatikana picha 112 zilizokwisha kujulikana. Kususia hakusaidii mbele ya jambo hilo, kwa sababu seva lazima kwanza ione kilichofichwa ndipo ijue imsusie nani. Kuona kunahitaji vyombo na macho ya watu.

Kampuni kubwa ziliyapata macho hayo Nairobi, miongoni mwa miji mingine. Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kukagua machapisho ya Facebook kwa lugha za eneo hili, Kiswahili kikiwemo. Walitazama mauaji na ubakaji siku nzima, wengine kwa malipo ya kama dola 1.50 kwa saa. Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliyefukuzwa baada ya kuwaunganisha wenzake kudai haki, aliwashitaki Sama na Meta, mmiliki wa Facebook, mwaka 2022. Mwaka uliofuata wakaguzi wapatao 185 wakafungua kesi yao baada ya kupoteza kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliikataa hoja ya Meta kwamba haiwezi kushitakiwa nchini humo. Desemba ikafahamika kwamba zaidi ya wakaguzi 140 waliopimwa na daktari walikutwa na athari za kiwewe.

Kazi waliyofanya ndiyo inayofanywa na msimamizi wa Mastodon anayefungua ripoti baada ya chakula cha jioni. Tofauti ni kwamba vijana wa Nairobi walikuwa na mwajiri wa kumpeleka mahakamani. Msimamizi wa kujitolea ana uhuru ambao wao hawakuwa nao, wa kuikata seva chafu mara moja bila kumwomba bosi, lakini akiugua kwa alichokiona hakuna wa kumdai chochote.

Meta yenyewe ilipoanzisha mtandao wake wa Threads Julai 2023 na kutangaza kwamba itaunganika na seva za shirikisho, mamia ya wasimamizi walitia saini ahadi ya kuifungia. Wengine, Rochko akiwemo, waliipokea. Katika wakati huohuo shirika lisilo la faida la IFTAS lilijitokeza kuwapa wasimamizi mafunzo, orodha zilizohakikiwa za seva za kufungiwa, na huduma ya kutambua picha za aina ile iliyogunduliwa na watafiti wa Stanford, bila malipo. Mapema mwaka 2025 lilitangaza kwamba fedha zimekwisha na ufadhili mpya haujapatikana. Huduma ya kukagua picha ikafungwa, na kazi hiyo ikarudi kwa kila seva peke yake.